Chipu ya BIOS Inaposumbua: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Chipu ya BIOS, yaani ile inayohifadhi programu ya kuwashia kompyuta, hulaumiwa kuliko inavyostahili. Hizi chipu ndogo za miguu minane, kama W25Q64 na W25Q128 za Winbond au MX25L za Macronix, hustahimili kufutwa na kuandikwa upya takriban mara 100,000. Mara nyingi kinachoharibika ni data iliyomo ndani: sasisho limekatika katikati, mipangilio imevurugika, au limeandikwa faili la bodi nyingine. Chipu yenyewe kufa hutokea, hasa baada ya kumwagikiwa na maji au kupewa volti zisizo zake, lakini hiyo iwe dhana ya mwisho. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mambo yasiyohitaji hata bisibisi.

Kuna kanuni moja isiyovunjwa: usifute chochote kwenye chipu kabla hujapata nakala mbili za yaliyomo zinazolingana baiti kwa baiti. Ndani ya chipu hiyo hamna programu ya kuwashia kompyuta peke yake. Mna namba ya mashine, UUID (kitambulisho cha kipekee cha mashine), mara nyingi anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, na kwenye kompyuta mpakato nyingi mna pia ufunguo wa leseni ya Windows. Vitu hivi havipo kwenye faili la mtengenezaji. Ukivifuta bila nakala, vimekwenda. Hata data iliyoharibika ihifadhi, kwa sababu kwa kawaida ni sehemu moja tu iliyoharibika na nyingine zinaokoleka.

Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa diski wa Windows, tafuta kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kubadilisha BIOS kunaweza kuifanya Windows iudai mara tu mashine itakapowaka.

## Dalili: feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Visababishi, kuanzia kinachotokea zaidi:

1. Skrini na waya wake. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki hutoa picha kwenye tundu za kadi. Ukichomeka waya kwenye tundu la bodi, hasa kama prosesa haina grafiki yake, utatazama giza wakati mashine ni nzima.
2. RAM. Chomoa zote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha moja tu. Bodi yenye nafasi nne mara nyingi hutaka RAM moja iwekwe nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa. Sukuma mpaka isikike ikibana.
3. Umeme wa prosesa. Waya wenye miguu minne au minane juu ya bodi husahaulika baada ya usafi. Ukikosekana, feni huzunguka na hakuna kingine kinachoendelea.
4. Mipangilio. Kasi ya RAM iliyopandishwa mno inatosha kuizuia mashine isiwake. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio inayolishwa na betri ndogo) kwa jampa yake au toa betri ya CR2032 kwa dakika tano au zaidi.
5. Data ya BIOS, kisha chipu yenyewe.

Kipimo kizuri cha kuitofautisha namba 5 na nyingine ni mlio. Kwenye bodi ya mezani, unganisha kispika kidogo kwenye pini zake, toa RAM zote, washa. Ikilia kulalamika kwamba haina RAM, jua kwamba aliyelalamika ni BIOS yenyewe: prosesa imeisoma chipu na kuanza kutekeleza maagizo yake. Hapo rudi kwenye RAM na grafiki, iache chipu. Ikiwa kimya, na bodi yenye kionyeshi cha misimbo imeganda kwenye 00 au FF, chipu sasa inashukiwa, pamoja na prosesa na umeme wake.

Simama hapa na umwite fundi ukisikia harufu ya kuungua, ukiona sehemu ya bodi imebadilika rangi, au chipu inachoma kidole sekunde chache baada ya kuwasha. Hayo ni matatizo ya umeme wa bodi. Chipu mpya itaungua kama ya kwanza.

## Dalili: mashine imekufa wakati wa kusasisha BIOS

Hapa kisababishi kinajulikana, kilichobaki ni kuchagua njia ya kurejea. Usiizime haraka. Mashine nyingi hubaki na skrini nyeusi dakika kadhaa katikati ya kazi na kujiwasha upya zaidi ya mara moja. Ipe dakika 15 hadi 20 kabla ya kuamua kwamba imekwama.

Kisha tumia njia za dharura zilizowekwa na mtengenezaji kabla ya kugusa chipu:

- Kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi. Kipo nyuma ya bodi nyingi za mezani za karibuni, na hufanya kazi hata bila prosesa wala RAM, mradi umeme umeunganishwa. Flashi iwe imeumbizwa kwa FAT32, faili liwe la modeli hiyo hasa na lipewe jina linalotajwa kwenye kitabu cha bodi, na flashi ichomekwe kwenye tundu lililoandikiwa kazi hiyo. Kwenye bodi za ASUS, taa ikipepesa kama sekunde tano kisha ikabaki imewaka, kazi haijaanza. Karibu kila mara ni jina la faili au umbizo la flashi.
- BIOS pacha. Bodi kadhaa za Gigabyte zina chipu mbili, nyingine zikiwa na swichi ya kuchagua.
- Kompyuta mpakato za HP. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza cha kuwashia sekunde mbili tatu kisha ukiache, lakini endelea kushikilia vile viwili. Flashi yenye faili la kurejesha iwe imechomekwa.
- Dell. Chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaja huku umevishikilia.

Njia za HP na Dell hutegemea kipande kidogo cha mwanzo cha BIOS ambacho sasisho la kawaida huwa halikigusi. Kipande hicho nacho kikiwa kimeharibika, na bodi haina kitufe wala BIOS pacha, kimebaki kifaa cha nje cha kuandikia chipu.

## Dalili: saa inarudi nyuma, mipangilio haikai

Ni betri. Pima CR2032 kwa mita: mpya huonyesha volti 3 na zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.8 ibadilishe. Ujumbe unaosema jumla ya CMOS haikulingana una maana hiyohiyo na hauhusiani na chipu. Ujumbe unaotaja jumla ya ROM ya BIOS ndio unaohusu data iliyo ndani ya chipu. Watu huchanganya hizi mbili na kulehemu bodi isiyo na kosa.

## Kabla ya kuunganisha kifaa cha kuandikia: volti

Sehemu hii isomwe yote, maana ndipo chipu nzima zinapouawa.

Tafuta chipu kwenye bodi: miguu minane, mara nyingi karibu na chipseti au betri, nayo ina maandishi kama 25Q64, 25Q128 au 25L128. Namba hiyo ni megabiti: 64 ni megabaiti 8, 128 ni megabaiti 16, 256 ni megabaiti 32. Mwanga wa tochi kutoka pembeni husaidia kuyasoma.

Herufi zilizomo kwenye jina la chipu ndizo zinazoamua volti. W25Q128FV na W25Q128JV ni za volti 3.3. W25Q128FW ni ya volti 1.8, na familia ya MX25U ya Macronix ni ya 1.8 pia, huku MX25L ikiwa ya 3.3. Tafuta karatasi ya data ya namba kamili, usikisie. Chipu ya 1.8 ukiiunganisha moja kwa moja na CH341A, kifaa cha USB cha kusomea na kuandikia chipu, unaweza kuiua papo hapo, na kama bado iko kwenye bodi unaweza kuidhuru chipseti iliyounganishwa nayo. Inahitaji adapta ya 1.8 katikati.

CH341A yenyewe ina tatizo linalojulikana. Toleo la ubao mweusi lililoenea hutoa volti 3.3 kwenye mguu wa umeme lakini njia za data hupanda hadi 5. Kabla ya kuitumia, ichomeke kwenye kompyuta bila chipu yoyote, weka mita kati ya GND na njia za CS, CLK na DI. Ukiona karibu na 5, tafuta toleo lenye swichi ya volti. Wapo wanaosema wameitumia hivyohivyo na haikutokea kitu. Chipu nyingi huvumilia kwa muda, ila karatasi zake za data haziruhusu, na bodi ni ghali kuliko kifaa hicho.

Miguu, kuanzia penye nukta na kuzunguka kinyume cha saa: 1 ni CS, 2 ni DO, 3 ni WP, 4 ni GND, 5 ni DI, 6 ni CLK, 7 ni HOLD, 8 ni VCC, yaani umeme. Waya mwekundu wa klipu, ile inayobana chipu ikiwa kwenye bodi, uende mguu wa 1. Upande wa CH341A, chomeka kwenye nusu iliyoandikwa 25. Nusu ya 24 ni ya chipu za aina nyingine.

## Dalili: CH341A haioni chipu, au kila usomaji ni tofauti

1. Klipu haijakaa. Ndiyo sababu ya kwanza na ndiyo inayorudiwa zaidi. Safisha miguu kwa pombe ya isopropili na mswaki laini, bana upya klipu ikiwa wima. Utambulisho ukirudi FF FF FF au 00 00 00, hakuna mawasiliano.
2. Klipu imegeuzwa. Chomoa mara moja. Ukihisi chipu ina joto, ndiyo hiyo.
3. Bodi inaiba umeme. VCC ya chipu imeunganishwa na sehemu nyingine za bodi, na CH341A haina nguvu ya kuzilisha zote. Toa chaja, betri kubwa na betri ya CR2032. Usiwashe kompyuta ili kuisaidia. Vyanzo viwili vya umeme vitagongana.
4. Waya ni mrefu. Zaidi ya sentimita 15 hivi makosa ya data huanza. USB ya mbele ya kompyuta na nyaya za kurefushia nazo huchangia.
5. Chipseti inaingilia. Kwenye baadhi ya bodi haiwezekani kusoma chipu ikiwa mahali pake. Itabidi itolewe.
6. Chipu imekufa. Fikia hitimisho hili ikiwa imetolewa, imewekwa kwenye adapta yenye volti sahihi, na bado haijibu.

Utambulisho sahihi unafanana na huu: EF 40 17 kwa W25Q64 ya volti 3.3, EF 40 18 kwa W25Q128 ya volti 3.3, EF 60 18 kwa W25Q128FW ya 1.8, C2 20 18 kwa MX25L128, C8 40 18 kwa GD25Q128. Usichague jina la chipu kwa mkono ili kuilazimisha programu iendelee wakati utambulisho haulingani na maandishi.

Kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, soma mara mbili, na katikati ya usomaji toa klipu uirudishe:

`flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin`
`flashrom -p ch341a_spi -r nakala2.bin`
`sha256sum nakala1.bin nakala2.bin`

Alama mbili ndefu zinazotolewa na sha256sum zikitofautiana hata kwa herufi moja, usomaji si wa kuaminika na kuandika nako hakutakuwa. Zikilingana, bado fungua faili kwa kihariri cha heksi. Nakala mbili zilizojaa FF mwanzo hadi mwisho zinalingana vizuri sana na hazina thamani yoyote. Faili la megabaiti 16 liwe na baiti 16,777,216 kamili, lenye maneno yanayosomeka hapa na pale na alama _FVH katika sehemu kadhaa. Bodi ya Intel yenye chipu moja huwa na 5A A5 F0 0F kwenye nafasi ya 0x10. Nakala hizi usiziache kwenye kompyuta ya kazi peke yake, ziweke mahali pengine pia.

## Kuandika upya

Faili la mtengenezaji mara nyingi si picha kamili ya chipu. Faili la CAP la ASUS kwa chipu ya megabaiti 16 lina baiti 16,779,264: zile 2,048 za ziada ni kichwa ambacho hakitakiwi ndani ya chipu. Lifungue kwa UEFITool na utoe kiini chake. Kwenye kompyuta mpakato faili huweza kuwa na eneo la BIOS peke yake, bila kielezi cha Intel (ramani ya maeneo ya chipu) wala eneo la ME (programu ya kidhibiti cha ndani cha Intel). Ukiandika hilo kuanzia sifuri, kila kitu kitakaa mahali pasipo pake. Njia salama ni kuchukua nakala yako, kubadilisha eneo la BIOS tu ndani yake, na kuacha mengine yalivyo.

Mpangilio wa kazi ni huu: futa, hakikisha ni FF tupu, andika, hakiki. flashrom ikiandika kwa `-w` hufanya kufuta na kuhakiki yenyewe. Kufuta kukigoma, angalia biti za ulinzi kwenye rejista ya hali na mguu wa WP. Uhakiki ukishindwa kila mara kwenye anwani ileile ilhali mawasiliano ni mazuri, sasa una ushahidi wa kweli kwamba chipu imechoka.

## Kubadilisha chipu

Mpya ifanane na ya zamani kwa volti, ukubwa wa kumbukumbu na umbo. Upana nao uangalie: zile za miili ya milimita 5.2 na za 3.9 zote zina miguu minane lakini hazikai kwenye nafasi moja. Baadhi ya kompyuta mpakato mpya hutumia chipu zenye kihesabu cha usalama ndani, kwa mfano W25R, ambazo chipu ya kawaida haiwezi kuzirithi.

Andika na uhakiki chipu mpya kabla ya kuilehemu. Chipu bandia za uwezo mdogo zipo, na uhakiki wa chipu yote huzifichua.

Ikiwa iko kwenye soketi, iinue taratibu kwa pande mbili kwa zamu na ukumbuke upande wa nukta. Ikiwa imelehemiwa:

- Funika vijenzi vya jirani kwa mkanda wa kaptoni, hasa tundu za plastiki.
- Weka flaksi ya kutosha pande zote mbili.
- Hewa moto nyuzi 350 hadi 380 za Selsiasi, mkondo mdogo, zungusha juu ya miguu.
- Iguse chipu kwa kibano. Ikiteleza yenyewe, inua. Isipoteleza usivute. Kuvuta mapema hung'oa vipande vya shaba vya bodi, na huo ndio uharibifu unaogeuza kazi ndogo kuwa kubwa.
- Safisha lehemu ya zamani kwa utambi wa shaba, kisha pombe.
- Weka mpya, lehemu kona moja kwanza kwa ncha ya nyuzi 320 hadi 350, nyoosha, lehemu kona ya mkabala, ndipo umalize miguu mingine.
- Pima kwa mita kwamba miguu ya jirani haijaungana, na hasa kwamba 8 haijaungana na 4.

Ambaye hajawahi kulehemu vijenzi vidogo ajizoeze kwanza kwenye bodi iliyokufa. Chipu bapa zisizo na miguu ya nje, zilizofungwa kwa gundi, au zilizo chini ya kinga ya chuma ni kazi ya fundi mwenye hadubini.

## Dalili: imeandikwa na kuhakikiwa, bado haiwaki

Subiri kwanza. Baada ya BIOS mpya bodi hupima RAM upya, na yenye DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi. Ikipita hapo, fuata mpangilio huu: futa CMOS, hakikisha faili ni la toleo hasa la bodi, maana jina moja la modeli hubeba matoleo yenye maunzi tofauti, hakikisha BIOS hiyo inaitambua prosesa iliyopo. Kompyuta mpakato zenye chipu mbili, kwa mfano ya megabaiti 8 na ya 4, huchanganya wengi: picha moja hugawanywa mara mbili na kila kipande kina chipu yake.

Halafu pima VCC kwenye mguu wa 8 mashine ikiwa imewashwa, ukiweka ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi ili usiunganishe miguu kwa kuteleza. Kama hakuna 3.3 au 1.8 inayotakiwa, kosa liko kwenye mkondo wa umeme wa bodi. Mpe fundi.

Bodi zenye Boot Guard ya Intel au ulinzi wa AMD unaofanana nayo hukataa BIOS ambayo sehemu yake iliyotiwa saini imebadilishwa. Ufunguo umechomwa ndani ya silikoni, haubadilishwi. Rudisha sehemu hiyo kama ilivyotoka kwa mtengenezaji.

## Dalili: inawaka, lakini inajizima kila baada ya dakika 30

Kwenye mashine za Intel hii ni alama ya eneo la ME lililoharibika au lililotoka kwenye bodi nyingine. Dalili ndugu zake ni kuchelewa kuonyesha picha na feni kukimbia muda wote. Rudisha eneo la ME kutoka kwenye nakala yako ya kwanza. Kama nalo ni bovu, jenga picha kwa zana ya Intel ya kuunganisha maeneo, ukitumia ME safi ya toleo kuu lilelile na mipangilio iliyosomwa kutoka kwenye nakala hiyo. Baada ya kuandika, ingia Windows na uendeshe `fptw64 -greset` ili ME ianze upya.

Anwani ya MAC ikionekana kama sifuri tupu au namba ya mashine ikipotea, vitoe kwenye nakala ileile: kwenye bodi nyingi za Intel, MAC ya kadi ya mtandao ya Intel iko kwenye baiti sita za mwanzo za eneo la GbE. Hamisha eneo lote kama lilivyo, na uandike upya picha nzima.